KISHALE KISIPOTEMBEA
Namna ya kutafuta hitilafu ya tachipedi katika kompyuta mpakato yenye Linux

UTANGULIZI

Mtu apitaye Pasiansi, katika barabara itokayo katikati ya Mwanza kwenda uwanja wa ndege, huziona nyumba zilizopanda vilima vya mawe, na huku Ziwa Victoria liko jirani. Maji ya bomba ya jiji hutolewa ziwani, hupandishwa kwa pampu, hupita katika matangi na mabomba, ndipo yafike katika mfereji wa nyumba. Siku mfereji ukikauka, fundi mwenye busara hachimbui bomba zima kutoka nyumbani hadi ziwani. Huenda kwanza kwenye valvu iliyo katikati ya njia, akatazama. Maji yakiwapo hapo, kizuizi kiko kati ya valvu na nyumba. Yasipokuwapo, kiko kati ya valvu na ziwa. Kwa jaribio moja tu amekwisha kuiondoa nusu ya njia katika mashaka yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi busara hiyo hiyo inavyoweza kutumika katika chumba cha kompyuta. Hitilafu tutakayoichunguza ni ndogo kwa sura, lakini huwasumbua wengi: mwanafunzi anapapasa tachipedi, yaani kile kibao laini kilicho chini ya kibodi ya kompyuta mpakato, na kishale kilichomo katika skrini hakitembei.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari iliyo Pasiansi, yenye kompyuta mpakato 10 kwa ajili ya wanafunzi 40 wa kidato kimoja. Kila mashine hutumiwa na wanafunzi 4. Mashine mbili zikiwekwa kabatini kwa kuandikiwa "mbovu", kila iliyobaki haina budi kutumiwa na wanafunzi 5. Huyo wa tano ndiye atakayeketi nyuma na kutazama migongo ya wenzake hadi kipindi kiishe. Kwa hiyo neno "mbovu" si neno la kuandikwa kwa haraka. Ni hitimisho, na kila hitimisho katika sayansi hudai ushahidi.

TACHIPEDI HUFANYAJE KAZI?

Watu wengi hudhani kwamba tachipedi huhisi uzito wa kidole. Sivyo. Tachipedi hupima badiliko la kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme. Chini ya uso wake mna elektrodi nyembamba zilizopangwa kama wavu, nyingine kwa wima na nyingine kwa ulalo. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Kidole kinapougusa uso huo, kidole na elektrodi huwa mithili ya bamba mbili za kapasita, na uso wa tachipedi huwa kihami kilicho kati yao. Chipu ndogo iliyo ndani hupima ni elektrodi zipi zimebadilika, na kwa njia hiyo hujua mahali kidole kilipo.

Badiliko hilo ni dogo kiasi gani? Tutumie kanuni ambayo wanafunzi wa fizikia wanaifahamu:

C = k × ε × A ÷ d

Tuseme eneo la ncha ya kidole, A, ni sentimita mraba 1, yaani 0.0001 m², unene wa uso, d, ni milimita 1, yaani 0.001 m, k ya kihami ni 4, na ε ni 8.85 × 10⁻¹² F/m. Tukizidisha na kugawanya tunapata 3.54 × 10⁻¹² F, yaani takriban pikofaradi 3.5. Kapasita ya maikrofaradi 1 ni kubwa kuliko hiyo kwa zaidi ya mara 280,000.

Tokeo hili linatufundisha jambo la maana. Chombo kinachopima badiliko dogo namna hiyo huweza kupotoshwa na mambo ambayo macho huyadharau: tone la maji, jasho, mafuta ya samaki yaliyobaki vidoleni, au umeme usiotulia utokao katika chaja. Si kila tachipedi iliyonyamaza imekufa.

Jaribio dogo darasani. Pitisha juu ya tachipedi iliyo nzima vitu vinne, kimoja baada ya kingine: kidole kitupu, kalamu ya plastiki, kidole kilichofungwa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, na mgongo wa kijiko cha chuma ulichokishika kwa mkono mtupu. Kidole kitakisogeza kishale, na mara nyingi kijiko pia. Kalamu na kitambaa kinene havitakisogeza. Waulize wanafunzi: katika kanuni iliyo hapo juu, kitambaa kimebadilisha herufi gani? Na kalamu imekosa nini ambacho kijiko kinacho?

MNYORORO WENYE VIUNGO 8

Kati ya kidole na kishale hakuna waya mmoja ulionyooka. Kuna mnyororo, na kila kiungo hupokea habari kutoka kwa kilichotangulia na kukipa kinachofuata. Kwa ajili ya somo letu tutauhesabu hivi:

1. Kidole na uso wa tachipedi.
2. Elektrodi na chipu iliyo ndani ya tachipedi.
3. Utepe wa nyaya uendao kwenye ubao mkuu, pamoja na ruhusa itolewayo na bayosi, yaani programu ya msingi inayoiamsha mashine.
4. Kiini cha Linux na kiendeshi chake, yaani sehemu ya programu inayojua lugha ya tachipedi hiyo.
5. Maktaba ya libinput, ambayo hutafsiri miguso kuwa mwendo, mbofyo au kuviringisha ukurasa.
6. Mipangilio ya mtumiaji.
7. Eneo-kazi, ambalo huchora kishale katika skrini.
8. Programu iliyo mbele ya mtumiaji, ambayo hupokea mbofyo.

Mtu akikagua kiungo kimoja kimoja kwa zamu huenda akafanya majaribio 8 kabla ya kufika. Lakini akikata mnyororo katikati kila mara, viungo 8 huwa 4, 4 huwa 2, na 2 huwa 1. Majaribio 3 yanatosha, kwa sababu 2 × 2 × 2 = 8. Mnyororo ungekuwa na viungo 16, jaribio moja tu lingeongezeka.

Hapa ndipo Linux inapomfaa mwalimu. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na maandishi ya programu yake yako wazi kwa kila mtu. Uwazi huo ndio uliouwezesha mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Kwetu sisi uwazi huo una faida nyingine: mfumo hauyafichi mambo yake ya ndani. Valvu ya katikati ya bomba ipo, na mwanafunzi anaruhusiwa kuifungua.

UKAGUZI WA NJE

Kabla ya kuandika amri yoyote, yatazame na kuyauliza mambo yafuatayo. Daktari naye huanza kwa kuuliza.

Kwanza, betri. Weka mashine juu ya meza iliyo sawa. Je, inayumba? Je, tachipedi imeinuka upande mmoja, au imekuwa ngumu kubofya? Je, kifuniko hakifungi vizuri kama zamani? Katika kompyuta mpakato nyingi betri hukaa chini ya tachipedi au karibu nayo. Betri ya lithi iliyochakaa huweza kuvimba kwa gesi na kuisukuma tachipedi kutoka ndani. Ukiona dalili hizo, uchunguzi unakoma hapo. Izime mashine, ichomoe katika chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, iweke mbali na vitu vishikavyo moto, na umkabidhi fundi anayejua kazi hiyo. Betri ya namna hiyo huweza kuwaka. Hakuna amri ya Linux inayoponya betri iliyovimba.

Pili, chaja. Ichomoe na ufanye kazi kwa betri pekee. Soketi zetu za volti 230 zina matundu matatu, na moja ni la waya wa ardhi. Chaja iliyotengenezwa kwa pini tatu ikichomekwa kupitia adapta isiyo na pini ya ardhi, umeme usiotulia hukosa njia ya kutokea, na huweza kuvuruga vile vipimo vidogo vya pikofaradi. Kishale kikirukaruka wakati wa kuchaji na kutulia baada ya kuchomoa, mashine ni nzima. Rekebisha njia ya umeme.

Tatu, uso. Zima mashine, futa tachipedi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kisha ikauke. Anawa mikono na uikaushe.

Nne, kitufe. Kibodi nyingi zina kitufe katika safu ya F1 hadi F12 chenye picha ya tachipedi iliyokatwa kwa mstari. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, wakati mwingine pamoja na kitufe cha Fn, huifunga tachipedi. Kibonyeze mara moja na utazame.

Tano, historia. Uliza: iliacha kufanya kazi lini, na ni jambo gani lililotangulia? Ilianguka? Mfumo ulisasishwa? Kifuniko kilifungwa na kufunguliwa? Kipanya kilichomekwa? Jibu la mwanafunzi aliyekuwapo huweza kuokoa saa nzima ya kazi.

MAJARIBIO MATATU

Ikiwa ukaguzi wa nje haukutoa jibu, fungua dirisha la amri. Katika Ubuntu na mifumo mingi inayofanana nayo, bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja; tachipedi haihitajiki. Amri zinazoanza kwa sudo zitadai neno la siri, na herufi zake hazionekani unapoandika.

Usiwashe mashine upya kwanza. Kuwasha upya mara nyingine huondoa dalili, lakini hufuta pia hali tuliyotaka kuichunguza, na kesho hitilafu itarudi bila ya sisi kujua chochote.

Jaribio la 1: kukata mnyororo katikati. Andika:

cat /proc/bus/input/devices

Utaona orodha ya vifaa vyote vya kuingizia habari ambavyo kiini kinavitambua. Tafuta fungu lenye neno Touchpad katika jina lake. Mstari wake wa kwanza huonyesha njia iliyotumika: Bus=0011 ni njia ya zamani iitwayo PS/2, na Bus=0018 ni njia mpya zaidi iitwayo I2C. Mstari unaoanza kwa Handlers huonyesha namba ya tukio, tuseme event5. Sasa andika, ukitumia namba uliyoiona wewe:

sudo od -x /dev/input/event5

Papasa tachipedi. Safu za tarakimu na herufi zikimiminika, viungo 1 hadi 4 ni vizima, na hitilafu iko katika 5 hadi 8. Pasipotokea kitu, au jina lenyewe likikosekana katika orodha, hitilafu iko katika 1 hadi 4. Bonyeza Ctrl na C kuisimamisha amri. Amri hii haihitaji intaneti wala programu ya nyongeza.

Jaribio la 2, ikiwa tarakimu zinamiminika. Chomeka kipanya cha kawaida. Kishale kikitembea, na programu ikipokea mbofyo, viungo 7 na 8 ni vizima, nasi tumebaki na 5 na 6. Kishale kisipotembea, eneo-kazi limekwama. Kikitembea bila programu kuitikia, programu hiyo ndiyo iliyokwama. Baada ya jaribio, kiondoe kipanya, kwa sababu tutakayoieleza punde.

Jaribio la 3 kwa upande huo. Katika eneo-kazi la GNOME, ambalo ndilo la kawaida katika Ubuntu, andika:

gsettings get org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events

Jibu likiwa 'enabled', mipangilio hiyo haijaifunga tachipedi. Likiwa 'disabled', imefungwa kabisa. Likiwa 'disabled-on-external-mouse', tachipedi hufungwa kila kipanya kinapochomekwa. Kuifungua, andika:

gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events enabled

Angalia mtego uliopo hapa. Kipanya tulichokitumia kuchunguza huweza chenyewe kuifunga tachipedi. Katika sayansi, chombo cha kupimia huweza kulibadilisha jambo linalopimwa, na mchunguzi asiyelikumbuka hilo hujidanganya mwenyewe.

Jaribio la 2, ikiwa hakuna tarakimu. Rudi kwenye orodha. Jina la tachipedi likiwapo, basi chipu yake ilizungumza na kiini angalau mara moja tangu mashine ilipowashwa. Utepe haukukatika wakati huo. Jina likikosekana, shaka huangukia kiungo cha 3 au cha 4, ingawa chipu iliyokufa kabisa nayo huleta dalili hiyo hiyo. Soma kumbukumbu za kiini:

sudo dmesg | grep -i -E "touchpad|i2c|psmouse|i8042"

Jaribio la 3 kwa upande huo. Kiondoe kiendeshi na ukirudishe, ili kianze mazungumzo upya na chipu. Kwa njia ya PS/2:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Kwa njia ya I2C jina la kiendeshi ni i2c_hid_acpi. Katika viini vya zamani ni i2c_hid. Tachipedi ikizinduka, kiungo cha 4 ndicho kilichokuwa kimelala. Isipozinduka, washa mashine na uingie katika bayosi: hakikisha kuwa tachipedi imeruhusiwa. Baadhi ya mashine humpa mtumiaji kuchagua kati ya "Basic", ambayo ni njia ya PS/2, na "Advanced", ambayo ni I2C. Jaribu ile isiyotumika sasa. Ikiwa hitilafu ilianza baada ya mfumo kusasishwa, chagua kiini kilichotangulia katika orodha ionekanayo mashine inapoanza kuwaka. Mwisho, washa mashine kwa Linux nyingine iliyo katika flashi, bila kugusa diski. Tachipedi ikifanya kazi huko, maunzi ni mazima na hitilafu ni ya programu. Ikikaa kimya katika mifumo miwili tofauti, na bayosi imeiruhusu, sasa kuna sababu ya kumwita fundi aufungue mfuniko na kuutazama utepe.

MASHINE MBILI ZA KABATINI

Turudi kwenye mashine zetu mbili. Tuziite A na B. Zote mbili zimebandikwa karatasi yenye maneno yale yale: "Kishale hakitembei."

Katika mashine A, amri ya od inamimina tarakimu mara kidole kinapogusa. Kumbe tachipedi iliyohukumiwa kuwa imekufa inasema kila siku, ila hakuna anayeisikiliza. Kipanya kinakitembeza kishale vizuri. Tumebaki na viungo viwili, na jibu la gsettings ni 'disabled-on-external-mouse'. Lakini kipanya tumekwisha kukiondoa! Mwanafunzi mmoja anapitisha kidole ubavuni mwa mashine na kugusa kitu kidogo kama ukucha: kipokezi cha kipanya kisicho na waya, kilichosahauliwa katika tundu la USB. Kwa kompyuta, kipanya bado kimechomekwa. Kinachomolewa, na kishale kinatembea. Gharama ya matengenezo: hakuna.

Katika mashine B, jina la tachipedi limo katika orodha, na njia yake ni Bus=0011, lakini od iko kimya. Mwanafunzi aliyeitumia mara ya mwisho anakumbuka kwamba alifunga kifuniko bila kuizima, na alipofungua kishale kilikuwa kimeganda. Kiendeshi psmouse kinaondolewa na kurudishwa. Tarakimu zinaanza kumiminika. Kiungo cha 4 kilikuwa hakijazungumza na chipu ipasavyo baada ya mashine kuamka usingizini. Dawa ya kudumu hutafutwa katika kusasisha mfumo. Hadi hapo, zile amri mbili zinabandikwa ukutani, na wanafunzi wanaambiwa waizime mashine badala ya kufunga kifuniko tu.

Kama mwalimu angefuta mfumo wote na kuuweka upya, mashine B ingeamka kwa siku moja na kuganda tena kifuniko kilipofungwa, na kazi za wanafunzi zilizokuwa katika diski zingepotea. Mashine A huenda ingepona, lakini kwa kuwa mipangilio yote imefutwa, wala si kwa kuwa mtu amejua chanzo chake. Kupona bila kujua chanzo si elimu.

DAFTARI LA MASHINE

Kila kompyuta ya shule na iwe na ukurasa wake katika daftari, wenye safu nne: tarehe, dalili, jaribio lililofanywa, na tokeo lake. Sheria ni moja: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike, ndipo ubadilishe jingine. Mtu abadilishaye mambo matatu kwa pamoja, mashine ikapona, hajui ni lipi lililoiponya. Isipopona, hajui ni lipi lililoizidishia ugonjwa. Tokeo la "hakuna kilichobadilika" nalo liandikwe, kwa maana limefunga mlango mmoja.

Mwalimu akimfundisha mwanafunzi namna hii, hatamfundisha habari za tachipedi peke yake. Redio isiyosema, pampu isiyovuta maji, taa isiyowaka na hesabu iliyotoa jibu la ajabu zote ni minyororo. Anayejua kukata mnyororo katikati na kuuliza "habari imefika hapa au haikufika?" hatabahatisha. Na katika chumba chetu cha Pasiansi, wanafunzi 40 wamerudi kuwa wanne kwa kila mashine.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mnyororo una viungo 32. Kwa njia ya kukata katikati, yanahitajika majaribio mangapi ili kukipata kiungo kimoja kilichoharibika?

2. Kokotoa upya kapasitansi ikiwa kidole kimefunikwa na unaongeza unene hadi milimita 5, ukichukulia kuwa k ni ile ile. Eleza kwa nini mtu aliyevaa glavu nene hawezi kuitumia tachipedi.

3. Kishale hurukaruka wakati wa kuchaji tu. Ni kiungo kipi kati ya vile 8 kinachovurugwa? Pendekeza jaribio moja la kuthibitisha jibu lako.

4. Amri ya od inaonyesha tarakimu, lakini kishale hakitembei kwa tachipedi wala kwa kipanya. Hitilafu iko katika kiungo gani? Toa sababu.

5. Taja dalili tatu za betri iliyovimba, na ueleze kwa nini mchunguzi hapaswi kuendelea na majaribio mengine akiziona.

6. Chagua kifaa kimoja kilichoharibika nyumbani au shuleni. Chora mnyororo wake, uandike mahali pa kukata kwanza, na ueleze kwa nini umechagua hapo.